Mafunzo ya Teknolojia Yamemruka Mkutubi

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria semina ya siku tatu kuhusu mfumo wa kompyuta wa kuendeshea maktaba. Tulikuwa wakutubi na walimu wa maktaba zaidi ya thelathini, tukakalishwa katika ukumbi wa hoteli wenye viyoyozi, na projekta ikatumulikia ukutani kurasa ambazo wengi wetu tulikuwa tunaziona kwa mara ya kwanza. Siku ya kwanza iliishia kwenye ufunguzi na utambulisho. Siku ya pili mwezeshaji alituonyesha namna ya kuingiza kitabu kwenye mfumo, akibofya mwenyewe hatua moja baada ya nyingine, nasi tukinakili kwenye madaftari. Siku ya tatu tulipewa vyeti, tukapiga picha ya pamoja, tukasaini posho, tukatawanyika. Niliporudi kazini, mfumo wenyewe haukuwepo kwenye kompyuta yetu, hapakuwa na mtu aliyepangiwa kuja kuusimika, na hatua kumi na saba nilizoziandika kwa mkono zikabaki kwenye droo.

Mwezeshaji yule hakuwa mzembe, nasi hatukuwa wavivu. Kilichotuangusha ni mazoea ya kuyachukulia mafunzo kama shughuli yenye tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kufungwa, ambayo mtu akishaihudhuria huhesabiwa kuwa amefuzu. Upande wa walimu mazoea hayo yameanza kuvunjwa, na hilo ni jambo la kushukuru. Upande wa wakutubi yangalipo. Kibaya zaidi, mkutubi, ambaye angepaswa kuwa mtu wa kwanza kukimbiliwa na mwalimu kila kifaa kipya kinapoingia shuleni, ameachwa nje ya mpango mzima. Nashikilia kwamba teknolojia tunayoipeleka shuleni haitashika mizizi mpaka mkutubi aingizwe katika mafunzo ya walimu, kwanza akiwa mwanafunzi mwenzao, kisha akiwa mwezeshaji wao wa kudumu.

Tanzania ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana na walimu kwa kifupi chake, MEWAKA. Msingi wake ni kwamba mwalimu asingoje kuitwa mjini ndipo ajiendeleze. Walimu wa shule moja huunda Jumuiya ya Ujifunzaji, hukutana shuleni kwao kwa ratiba, mmoja akaeleza mada iliyomshinda kufundisha, wenzake wakachangia, wakaenda kujaribu darasani na kurudi na majibu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka moduli za kujisomea mtandaoni, na inayo Maktaba Mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Vifaa navyo vilipatikana kwa njia ambayo wengi hatukuitarajia: vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu wa shule za umma baada ya kazi ya kuhesabu watu kukamilika. Kwa walimu wengi ninaowafahamu, hicho kilikuwa kifaa cha kwanza cha kidijitali kukabidhiwa na mwajiri kwa ajili ya kufundishia.

Sasa uliza ni nani aliyeketi na mwalimu huyo, wiki ya pili baada ya makabidhiano, pale kishikwambi kilipojaa picha za mitihani na hakikupokea tena faili jipya. Ni nani aliyemweleza tofauti kati ya kitabu kilichothibitishwa na muhtasari uliopakiwa na mtu asiyejulikana? Nyumba yenye kazi hiyo ni maktaba, na mwenye taaluma hiyo ni mkutubi. Katika shule zetu nyingi za sekondari za umma, hata hivyo, maktaba husimamiwa na mwalimu ambaye ana vipindi vyake kamili vya kufundisha, mara nyingi wa lugha, aliyekabidhiwa ufunguo kama jukumu la ziada. Hakusomea ukutubi, hana muda wa kukaa maktabani, na akihamishwa kituo, ufunguo hukabidhiwa mwingine ambaye huanza upya. Shule zenye mkutubi aliyesomea kazi hiyo zipo, lakini hata huko Jumuiya ya Ujifunzaji inapokutana, mkutubi huwa upande wa pili wa ukuta akipanga magazeti, kwa kuwa mafunzo yanaitwa ya walimu na yeye si mwalimu.

Nilipata kukaa na mwalimu mmoja wa historia wa shule ya kata. Alihitaji maelezo kuhusu biashara ya misafara kati ya pwani na bara kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha pili. Kishikwambi alikuwa nacho, na bando la siku alilinunua kwa fedha yake. Aliandika swali zima kwenye kitafutio, kama vile mtu anavyomuuliza jirani, akapata kurasa nyingi, akafungua ya kwanza, ambayo ilikuwa na nukuu za mwanafunzi wa nchi nyingine, zenye makosa ya miaka. Akafungua ya pili, bando likaisha. Tulianza upya. Nilimwomba aondoe maneno yote ya swali abaki na matatu tu yenye uzito, kisha tukaingia Maktaba Mtandao, tukapata kitabu cha kiada, tukatafuta sura inayohusika na kuipakua mara moja tu. Faili lile tulilirusha kwa Bluetooth kwenye vishikwambi vya wenzake wawili waliokuwa ofisini. Kazi yote ilichukua dakika arobaini. Mwezi uliofuata nilimkuta akimwelekeza mwalimu wa jiografia hatua zilezile, bila mimi kusema neno.

Dakika arobaini zile zilifanya kazi kuliko siku zangu tatu za hotelini, na sababu zake zinaeleweka. Mwalimu alikuja na shida yake halisi, akakishika kifaa chake mwenyewe, na alichojifunza akakitumia kesho yake asubuhi. Hakuna fundi cherehani anayefundishwa kwa kutazama picha ya cherehani ukutani, na wala sioni kwa nini tulidhani kuwa mwalimu au mkutubi angekuwa tofauti.

Tulikotoka katika kuandaa wakutubi si haba. Shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963, wakati ambapo Uganda, Kenya na Tanganyika zilikuwa bado zikitegemea chuo kimoja kwa fani nyingi. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na baadaye, mwaka 1989, Bodi ya Huduma za Maktaba ikaanzisha Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kule Bagamoyo, ambacho kimewatoa wengi wa wale wanaoendesha maktaba za mikoa na wilaya leo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua jengo la maktaba linaloweza kuchukua vitabu 800,000 na wasomaji 6,000 kwa wakati mmoja. Majengo tunayo na vyuo tunavyo. Tunachokosa ni kile kinachomfuata mkutubi baada ya kuhitimu. Aliyemaliza Bagamoyo miaka ya tisini alifundishwa kupanga kadi kwa alfabeti katika droo za mbao, na leo anaombwa aendeshe hifadhidata, asimamie makala za kielektroniki na amweleze mwanafunzi kama jibu alilopewa na mashine ni la kweli. Kati ya droo zile na hifadhidata hii, wengi hawakupewa kitu zaidi ya semina moja kama yangu.

Niuchukue mfumo wa kompyuta wa kuendeshea maktaba uitwao Koha, kwa kuwa ni wa bure na unatumika katika maktaba nyingi za Afrika, na kwa kuwa historia yake inasema jambo. Koha ulizaliwa New Zealand. Mwaka 1999 maktaba za eneo la Horowhenua ziligundua kuwa mfumo wao wa zamani, kwa tatizo la kusoma tarehe, usingevuka salama kuingia mwaka 2000, na fedha za kununua mfumo mpya wa kibiashara pamoja na gharama zake za kila mwaka hazikuwepo. Wakaajiri kampuni ndogo ya kompyuta iwatengenezee wa kwao, ukaanza kazi Januari 2000, kisha wakauachia ulimwengu mzima uutumie bila kulipia leseni. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, tena zawadi ya aina ile ambayo aliyeipokea anajua kuwa naye ana la kurudisha. Hivyo maktaba nyingi zilizoupokea zimechangia kwa kurekebisha kasoro, kutafsiri vitufe katika lugha zao, au kuandika miongozo. Sisi nasi tunaupokea. Swali la mafunzo ni kama tunamwandaa mkutubi abaki mpokeaji tu.

Mkutubi ana diwani ya mashairi ya Kiswahili mkononi na anataka kuiingiza kwenye Koha. Akifuata mafunzo ya kawaida, atatafuta rekodi iliyokwisha kutengenezwa na maktaba kubwa ya ng'ambo, ataivuta, ataona namba ya uainishaji 896.392, ambayo katika mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, ni ya fasihi ya Kiswahili, atabandika msimbopau, na kitabu kitakuwa kimeingia. Kazi imekwisha kwa mujibu wa semina. Lakini vichwa vya mada vilivyomo katika rekodi ile vyote ni vya Kiingereza. Mwanafunzi anayekuja kesho na kuandika neno ushairi kwenye kompyuta ya kutafutia, ikiwa neno hilo halimo katika jina la kitabu, ataambiwa hakuna kitabu, ilhali kitabu kipo rafu ya nne, hatua tano kutoka alipoketi. Kuna uga katika rekodi, yaani sehemu ya kujazia taarifa, wenye namba 653, ambamo mkutubi anaruhusiwa kuweka maneno ya kutafutia kwa lugha anayoitaka. Angeandika humo ushairi, tenzi, mapenzi, ukombozi, kadiri kitabu kinavyohusika, na mwanafunzi angekipata. Ni kazi ya dakika mbili kwa kila kitabu.

Sijawahi kuona uga huo ukifundishwa katika semina ya ndani, na sababu ni kwamba mafunzo yetu huishia kwenye vitufe. Tunafundishwa wapi pa kubofya, hatuulizwi msomaji wetu ni nani na anatafuta kwa maneno gani. Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili angemfaa mkutubi kuliko mtaalamu yeyote wa kompyuta, kwa sababu yeye ndiye anayejua kuwa mtihani unauliza bahari za ushairi, kwamba wanafunzi wanasema vina na mizani, na kwamba neno riwaya limezoeleka darasani kuliko jina lolote la kitaalamu. Wakiketi pamoja alasiri mbili wanaweza kuandaa orodha ya maneno mia mbili ya kutafutia yanayolingana na mihtasari ya masomo. Orodha hiyo ikikamilika katika shule moja, inaweza kutumiwa na shule zote za wilaya, na huko ndiko kurudisha zawadi.

Suala la mtandao nitalipitia kwa haraka, kwa sababu limesemwa sana na mara nyingi hutumiwa kama kisingizio. Ni kweli kwamba shule nyingi hazina intaneti ya kutegemewa, na umeme hukatika. Lakini zipo programu zilizotengenezwa mahususi kwa mazingira hayo. Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality, huwekwa kwenye kompyuta moja ya kawaida, hata kwenye kile kikompyuta cha bei nafuu cha Raspberry Pi kinachotosha kiganjani, na kutoka hapo masomo, video na mazoezi hufika kwenye simu na vishikwambi vilivyo karibu bila kutumia intaneti hata kidogo. Kiwix nayo huhifadhi kamusi elezo nzima ya Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili ambayo imekuwepo tangu 2003, ili isomwe nje ya mtandao. Mradi wa African Storybook umekusanya hadithi za watoto zenye leseni huria katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na mwalimu anaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri na hata kuandika ya kwake. Kupakua vitu hivi kunahitaji intaneti nzuri kwa siku moja tu, pengine katika maktaba ya mkoa, kisha vikapelekwa shuleni kwenye flashi. Kinachohitajika zaidi ni mtu mmoja anayejua vipo, anayejua kuvisimika na ambaye hatahamishwa baada ya muhula mmoja.

Kuna eneo moja ambalo linaniuma kulitaja kwa kuwa gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na faida. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unaruhusu vitabu kutengenezwa katika maumbo yanayosomeka na watu wasioona au wenye ulemavu mwingine wa kusoma machapisho, bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki kwa kila kitabu. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona, kisha akaungana naye mwenzake asiyeona, James Teh, husoma kwa sauti maandishi yaliyoko kwenye skrini ya kompyuta ya Windows, na hutolewa bure. Inaweza kusoma kwa Kiswahili kupitia sauti ya eSpeak. Sauti hiyo ni kavu, haina mkato wa mtu wa pwani wala wa bara, lakini inaeleweka, na kwa mwanafunzi asiyeona ambaye amekuwa akimsubiri mwenzake amsomee, tofauti ni kubwa. Kusimika programu hiyo na kujifunza amri zake kumi za mwanzo huchukua saa moja. Mkutubi akishajifunza, maktaba yake inafunguka kwa msomaji ambaye haijawahi kumhudumia. Nimeingia katika maktaba zenye kompyuta nzuri na mabango ya elimu jumuishi ukutani, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuisikia.

Kuhusu akili mnemba, mjadala umekuwa mkali tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa Novemba 2022, na ninaona mafunzo yanayoanza kutolewa kwa walimu yanaegemea upande mmoja: namna ya kuiagiza mashine iandike andalio la somo, namna ya kuiagiza itunge maswali. Hayo yana nafasi yake, na mwalimu mwenye darasa la wanafunzi themanini ana haki ya kupunguziwa mzigo. Lakini ustadi ambao mashine hizi zinautaka zaidi ni ule wa kuhakiki, na huo ndio uti wa mgongo wa kazi ya marejeleo katika ukutubi. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zenye kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Ikiwa mawakili wa Marekani walinaswa hivyo, mwanafunzi wetu wa diploma ananaswa kila siku, tena bila hakimu wa kumwambia.

Binti mmoja alikuja mezani kwangu na orodha ya marejeleo tisa ya utafiti wake kuhusu utapiamlo, akitaka nimsaidie kuyapata. Majina ya waandishi yalikuwa ya watu wa kweli. Majarida yalikuwa ya kweli. Tulianza kuyatafuta moja moja: tukafungua tovuti ya jarida, tukaenda kwenye mwaka, kwenye juzuu, kwenye kurasa zilizotajwa, na mahali palipodaiwa kuwa na makala hiyo tukakuta makala nyingine kabisa. Pale palipokuwa na namba ya utambulisho wa makala tuliibandika kwenye doi.org, ikatupeleka kwenye utafiti wa magonjwa ya samaki. Kati ya tisa, mawili ndiyo yaliyokuwepo. Binti hakuwa amekusudia kudanganya. Aliuliza, akajibiwa kwa lugha nzuri yenye kujiamini, akaamini. Tulitumia saa moja na nusu, na mwisho wake aliondoka akijua njia tatu za kukagua rejeleo kabla ya kulitumia. Mwalimu wake, ambaye ndiye angesahihisha kazi ile, hakuwa amefundishwa hata moja, na hilo silisemi kumlaumu, kwani hakuna aliyemfundisha.

Kwa hiyo, kama kuna moduli moja ambayo ningeomba iongezwe katika Jumuiya za Ujifunzaji kesho asubuhi, ni hiyo ya uhakiki, na ningeomba iendeshwe na wakutubi. Ikumbukwe pia kwamba mifumo hii imelishwa Kiingereza kwa wingi kuliko Kiswahili, hivyo majibu yake kwa lugha yetu huwa na istilahi za kubuni na tafsiri za moja kwa moja zinazoweza kumpotosha mwanafunzi wa sayansi. Mwalimu anapaswa kujua hilo kabla hajaligeuza jibu la mashine kuwa nukuu za ubaoni.

Suala la nani analipa nalo halikwepeki, na jirani zetu wametupa funzo. Septemba 2021 Tume ya Utumishi wa Walimu ya Kenya ilizindua mpango wa maendeleo ya kitaaluma ambao ulimtaka mwalimu ahudhurie moduli katika vyuo vilivyoteuliwa na alipe shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Wazo la kumtaka mwalimu aendelee kujifunza lilikuwa sahihi, lakini walimu wengi waliupinga mpango huo, na sehemu kubwa ya upinzani ilihusu hiyo gharama. Mafunzo yakishageuka kuwa kodi, mtu huyahudhuria ili apate risiti. Huku kwetu hatari iko upande wa pili: mafunzo yamefungamanishwa na posho, kiasi kwamba mkutano wa Jumuiya ya Ujifunzaji usio na posho wala chai huonekana si mafunzo. Mwalimu anayesafiri, anayelala nje ya kituo chake, ana haki ya kulipwa fedha ya kujikimu, hilo sina ubishi nalo. Ninachokisema ni kwamba gharama ya kuwakusanya watu thelathini hotelini kwa siku tatu ingeweza kumpeleka mkutubi mmoja mwenye ujuzi katika shule kumi, mara mbili kila moja, na ikabaki ya kununulia flashi.

Nitaambiwa kuwa wakutubi wenyewe ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi kila shule ipate wake mwaka huu. Napendekeza tuanze na walipo: katika maktaba za mikoa na wilaya, katika vyuo vya ualimu, katika vyuo vikuu ambavyo wahadhiri wake wa ukutubi wanatafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi kwa mafunzo kwa vitendo. Vituo vya walimu vilivyoko kwenye kata, ambavyo baadhi yake vimegeuka stoo za madawati mabovu, ndivyo vilivyopo karibu na shule. Mkutubi wa wilaya akipangiwa siku mbili kwa mwezi za kukaa katika kituo kimoja, na Afisa Elimu Kata akawajulisha walimu tarehe hizo mapema, mwalimu mwenye kishikwambi kilichogoma atajua pa kwenda.

Lazima niseme na upande wetu pia. Sisi wakutubi tumechangia kusahauliwa kwetu. Tumelinda vitabu mpaka wasomaji wakaogopa kuvigusa, tumeweka matangazo ya makatazo mlangoni kabla ya tangazo la saa za kufungua, na wapo miongoni mwetu wanaoikwepa kompyuta kwa kuwa wanaogopa kuonekana hawajui mbele ya vijana. Hofu hiyo naielewa. Mtu wa miaka hamsini aliyekuwa mjuzi wa kazi yake, anayeijua kila rafu kwa kuigusa, anajikuta amerudishwa kuwa mwanagenzi, na semina ya watu thelathini ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuikiri hali hiyo. Hatanyanyua mkono kuuliza namna ya kufungua barua pepe. Akiwa na mwenzake mmoja, mezani kwake, mlango ukiwa umerudishwa, atauliza.

Ndiyo sababu napendelea mafunzo ya watu wawili au watatu, saa mbili kila baada ya wiki mbili, kila mmoja akija na kazi iliyoko mezani kwake wiki hiyo: kitabu cha kuingiza kwenye mfumo, andalio la somo, mwanafunzi asiyeona anayekuja Jumatatu. Na kama vyeti ni lazima vitolewe, basi visitolewe siku ya mwisho ya mafunzo. Vitolewe miezi mitatu baadaye, pale mkaguzi atakapofika maktabani na kukuta vitabu mia tatu vimeingizwa vikiwa na maneno ya kutafutia ya Kiswahili, na Kolibri ikifanya kazi kwenye kompyuta ya pembeni, na daftari la maswali ya wasomaji likionyesha nani aliuliza nini na alisaidiwaje.

Shule ile ya mwalimu wa historia niliirudia mwaka jana. Alikuwa amekabidhiwa ufunguo wa maktaba baada ya mwenzake kuhamishwa. Vipindi vyake ishirini na nane kwa wiki havikupunguzwa, kwa hiyo maktaba hufunguliwa Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Kwenye kompyuta ya pekee iliyomo aliweka vitabu vya kiada vya masomo sita, kila kimoja katika folda yake, na juu ya meza aliacha karatasi yenye maelekezo ya kuvinakili. Siku niliyofika, wanafunzi kumi na wanne walikuwa wamejipanga nyuma ya kompyuta hiyo, na yeye alikuwa darasani akimalizia kipindi. Mkuu wa shule aliniambia kuwa ameandika barua mara mbili kuomba mkutubi. Alinionyesha nakala ya barua ya pili, na aya yake ya mwisho iliomba kwamba, iwapo mkutubi hatapatikana, basi mwalimu huyo apewe nafasi katika mafunzo yoyote ya ukutubi yatakayofanyika mkoani, na apunguziwe vipindi kumi ili mlango ufunguliwe kila siku. Bado hajajibiwa.